Saketi inayokisia saa: Jinsi data inavyofika salama kutoka Embu hadi Meru

MFANYABIASHARA wa miraa mjini Maua, Kaunti ya Meru, hana muda wa kupoteza. Zao lake hupungua thamani kila saa inayopita baada ya kuchumwa. Malipo ya wakulima, bei ya siku na gari la kusafirisha mzigo hadi Nairobi, yote hupangwa kwa simu ya mkono. Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe Machi 2007, hata fedha zenyewe husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Anapobonyeza kitufe cha kutuma, ujumbe wake huondoka kama mawimbi ya redio hadi kwenye mlingoti wa karibu. Kutoka hapo, mara nyingi huingia katika nyuzi za kioo na kusafiri kama mwanga. Sekunde chache baadaye jibu hurudi. Ni wachache wanaofahamu kwamba katika safari hiyo ujumbe huacha nyuma kitu kimoja muhimu mno, nacho ni saa.

Data inayopita katika uzi wa kioo haiandamani na kipima wakati. Mtambo unaoipokea hulazimika kukisia, kutokana na data yenyewe, ni wakati gani biti moja inakwisha na nyingine inaanza. Kazi hiyo hufanywa na saketi ndogo iitwayo saketi ya kurejesha saa na data. Makala haya yanaeleza jinsi saketi hiyo inavyofanya kazi, na hasa sifa yake moja inayowasumbua wahandisi kuliko nyingine zote: upana wa kitanzi chake, na sababu za kuufanya upana huo ujirekebishe wenyewe.

Kwa nini saa haitumwi

Neno saa hapa halina maana ya chombo cha ukutani. Ni mpigo wa umeme unaorudiwa kwa kasi isiyobadilika, ambao huiambia mitambo ya dijitali wakati wa kusoma kila biti. Ndani ya tarakilishi, mpigo huo husambazwa kwa waya wake maalumu, sambamba na nyaya za data. Umbali ni mfupi, na data na mpigo hufika karibu kwa wakati mmoja.

Katika masafa marefu jambo hilo haliwezekani. Chukua kiungo cha kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Kila biti hudumu pikosekunde 100 pekee, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni 10. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hivyo, biti moja hukalia takriban sentimita mbili za uzi. Kama mpigo wa saa ungetumwa katika uzi wa pili uliozidi wa kwanza kwa sentimita mbili tu, saa na data zingekosana kwa biti nzima. Hakuna fundi awezaye kulaza nyuzi mbili kutoka Embu hadi Meru, zaidi ya kilomita 100, zikatofautiana kwa chini ya sentimita moja.

Hata kama angeweza, hali ya anga isingemruhusu. Muda wa mwanga kupita katika kioo hubadilika kwa takriban pikosekunde 40 kwa kila kilomita, kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka au kupungua. Kebo ya kilomita 100 ikipata joto kwa digrii moja, data huchelewa kwa nanosekunde nne hivi, ambazo ni biti 40 katika kiungo tulichotaja. Eneo hili lina nyanda za joto za Mbeere upande mmoja, na baridi ya miteremko ya Mlima Kenya upande mwingine. Kebo iliyozikwa ardhini hupata mabadiliko ya polepole, ilhali ile inayoning'inia kwenye vikingi huyapata mchana na usiku.

Kwa sababu hizo, data husafiri peke yake na mpokeaji hujitafutia saa.

Msingi uliowekwa na simu

Tatizo hili ni kongwe kuliko intaneti. Simu zilipoanza kugeuzwa kuwa za dijitali, sauti ya kila mzungumzaji ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti nane. Hesabu hiyo hutoa biti 64,000 kwa sekunde kwa sauti moja. Katika mfumo wa Ulaya, njia 32 za aina hiyo huunganishwa katika mkondo mmoja wa biti 2,048,000 kwa sekunde.

Njiani mkondo huo hudhoofika, na huhitaji vituo vya kuuhuisha. Kila kituo husoma biti zilizochoka, hutambua ipi ni sifuri na ipi ni moja, kisha huziandika upya zikiwa safi. Ili kituo kisome, sharti kijue saa. Hivyo, kila kituo kilihitaji saketi ya kurejesha saa, na makosa ya kituo kimoja yalirithiwa na kinachofuata.

Ndani ya kitanzi

Wazo la kulinganisha mpigo mmoja na mwingine na kuurekebisha hadi ulingane lilielezwa na mhandisi Mfaransa Henri de Bellescize mwaka wa 1932, alipokuwa akishughulikia vipokezi vya redio. Mfumo huo huitwa kitanzi cha kufunga awamu. Awamu ni mahali mpigo ulipofika katika mzunguko wake, kama vile mkono wa saa ulivyo mahali fulani kati ya 12 na 12.

Anayetaka kuelewa kitanzi hiki na awafikirie wapiga ngoma wa Chuka, ambao sifa zao zilivuka mipaka ya Tharaka-Nithi zamani. Mpiga ngoma anayejiunga na wenzake hapewi kipima wakati. Husikiliza mdundo unaoendelea, hupiga wake, hugundua kama ametangulia au amechelewa, kisha hupunguza au huongeza kasi. Baada ya muda mfupi, mdundo wake na wa wenzake huwa mmoja. Wakinyamaza kidogo, yeye huendelea kuhesabu kimoyomoyo hadi warudi.

Saketi hufanya vivyo hivyo kwa kutumia sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni kigunduzi cha awamu. Hiki hutazama mahali data inapobadilika kutoka sifuri hadi moja, au moja hadi sifuri, na kulinganisha wakati huo na mpigo wa saketi. Ya pili ni kichujio, ambacho hukusanya maamuzi ya kigunduzi na kuyapima wastani. Ya tatu ni osileta, yaani kitoa mpigo ambacho kasi yake huweza kuongezwa au kupunguzwa. Mpigo wa osileta hurudishwa kwa kigunduzi, na duara hukamilika. Ndiyo maana mfumo huitwa kitanzi.

Aina mbili za vigunduzi zinatajwa sana na wataalamu. Ya kwanza ilielezwa na J.D.H. Alexander mwaka wa 1975. Hii husoma data katikati ya biti na pia mpakani mwa biti mbili, kisha hutoa jibu la aina mbili tu: saa imetangulia, au saa imechelewa. Haisemi ni kwa kiasi gani. Ya pili ilielezwa na Charles Hogge mwaka wa 1985, nayo hutoa jibu linalolingana na ukubwa wa kosa.

Kigunduzi chochote kile huhitaji mabadiliko katika data. Mkondo wa sifuri tupu ni kama ngoma iliyonyamaza. Kwa hivyo, data huvurugwa kwa utaratibu maalumu kabla ya kutumwa, ili sifuri na moja zichanganyike. Ethaneti ya gigabiti moja kwenye nyuzi za kioo hugeuza kila biti nane kuwa 10, kwa namna ambayo biti za aina moja haziwezi kufuatana zaidi ya tano. Mifumo mingine haina ukali huo. Vipokezi vya mitandao mikubwa ya simu hujaribiwa kwa biti 72 mfululizo zisizobadilika, na sharti visipoteze hesabu.

Maana ya upana wa kitanzi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Upana wa kitanzi ni kipimo cha jinsi saketi inavyofuata mabadiliko kwa haraka. Hupimwa kwa hezi. Kitanzi chenye upana wa megahezi nne, kwa mfano, hufuata vizuri mabadiliko ya wakati yanayotokea chini ya mara milioni nne kwa sekunde, na hupuuza yaliyo ya haraka kuliko hayo.

Waliosafiri katika barabara ya Embu hadi Meru watalielewa jambo hili kwa urahisi. Barabara hiyo hushuka na kupanda katika mabonde ya mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, ikiwemo Thuci, Nithi na Mutonga, huku ikipinda mara kwa mara. Dereva anayekatisha usukani kwa kila kijiwe atayumbisha gari hata mahali palipo sawa. Dereva mzito wa kugeuza usukani atapita vizuri juu ya vijiwe, lakini kona ikija ghafla atatoka barabarani. Wa kwanza ni kitanzi kipana mno. Wa pili ni kitanzi chembamba mno.

Vijiwe katika mfano huu ni mtikisiko, yaani kuyumba kwa haraka kwa kingo za biti kunakosababishwa na kelele za umeme, leza na saketi zilizo jirani. Kona ni mabadiliko halisi ya saa ya mtumaji, ambayo mpokeaji hana budi kuyafuata.

Waswahili wana methali mbili zinazopingana kuhusu suala hili. Wanasema haraka haraka haina baraka, na papo hapo wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mhandisi wa saketi hizi hukaa kati ya methali hizo mbili.

Hesabu huonyesha uzito wa suala lenyewe. Saa ya mtumaji na ya mpokeaji hutokana na vipande viwili tofauti vya fuwele, na havilingani kikamilifu. Tuseme vinatofautiana kwa sehemu 100 katika kila milioni, kiasi kinachoruhusiwa katika vifaa vingi vya kawaida. Baada ya biti 10,000, mpokeaji asiyejirekebisha atakuwa amekosea kwa biti nzima. Katika kiungo cha gigabiti 10, biti 10,000 hupita kwa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni. Kabla mfanyabiashara wa Maua hajafumba jicho, kosa lingekuwa limerudiwa maelfu ya mara.

Kwa upande mwingine, kitanzi kipana mno huingiza kelele zote katika mpigo wake, na kituo kinachofuata huzirithi. Kanuni za mitandao ya simu kwa kasi ya gigabiti 2.5 hutaka kitanzi cha kituo kisipitishe mtikisiko ulio juu ya megahezi mbili, na kisikuze ule ulio chini yake kwa zaidi ya desibeli 0.1. Kiasi hicho kinaonekana kidogo. Lakini vituo 60 vikifuatana, kila kimoja kikikuza kwa desibeli 0.1, jumla ni desibeli sita, na mtikisiko utakuwa umekaribia mara mbili ya ulivyokuwa mwanzoni.

Sababu za kufanya upana ujirekebishe

Kwa miaka mingi wahandisi walichagua upana mmoja na kuishi nao. Uchaguzi huo ulifanywa kwa kutazama hali mbaya zaidi iwezekanayo, na kwa hivyo haukufaa kabisa hali yoyote ya kawaida. Kuna mambo matatu yaliyowalazimu kutafuta njia nyingine.

La kwanza ni tofauti kati ya kuanza na kuendelea. Kipokezi kinapowashwa, au kebo inapounganishwa tena baada ya kukatika, saketi haijui lolote kuhusu saa ya mtumaji. Wakati huo inafaa kitanzi kiwe kipana ili kishike mpigo haraka. Kikishaushika, inafaa kiwe chembamba ili kelele zisikiyumbishe. Mwaka wa 2000, watafiti Joonsuk Lee na Beomsup Kim walieleza kitanzi kinachofanya hivyo chenyewe: kosa la awamu likiwa kubwa, upana huongezeka, kosa likipungua, upana nao hupungua. Hakuna swichi inayogeuzwa kwa ghafla, jambo ambalo lingekitikisa kitanzi wakati kinapotulia.

La pili ni kasi zinazotofautiana na hali ya vifaa vyenyewe. Transista mbili zilizotengenezwa katika kiwanda kimoja hazifanani kabisa, na tabia zake hubadilika kwa joto na kwa nguvu za umeme. Kitanzi kilichopangwa kuwa na upana fulani katika maabara chaweza kuwa na upana mwingine ndani ya kibanda cha bati kilichochomwa na jua la Ishiara. Mwaka wa 1996, John Maneatis alieleza mbinu ya kufanya sehemu zote za kitanzi zitegemee mkondo mmoja wa umeme, ili osileta inapobadilika, sehemu nyingine zibadilike nayo kwa uwiano ule ule. Kwa njia hiyo upana hubaki sehemu isiyobadilika ya kasi ya mpigo.

La tatu ni tabia ya kigunduzi cha aina ya Alexander, kinachotumika sana katika kasi kubwa. Kwa kuwa hujibu kwa neno moja tu, nguvu yake hutegemea mtikisiko uliopo. Mtikisiko ukiwa mdogo, majibu yake huwa makali na kitanzi huwa kipana. Mtikisiko ukiwa mkubwa, majibu huchanganyika, hupunguzana nguvu, na kitanzi huwa chembamba bila ya mtu kukiagiza. Mhandisi hudhani ameweka upana mmoja, kumbe mazingira yamemwekea mwingine.

Dawa ya tatizo hili la tatu ni rahisi kueleza. Saketi ya ziada huchunguza mfululizo wa majibu ya kigunduzi. Ikiwa majibu ni "umechelewa, umechelewa, umechelewa" mara nyingi kwa mfuatano, maana yake kitanzi kinaachwa nyuma, na hatua zake za kujirekebisha zinafaa kukuzwa. Ikiwa majibu ni "umechelewa, umetangulia, umechelewa, umetangulia", maana yake kitanzi kinavuka kipimo kila kinapojirekebisha, na hatua zinafaa kupunguzwa. Upana bora ni ule ambao majibu hayafuatani kupita kiasi wala hayapokezani kupita kiasi. Hivyo saketi hujitafutia kipimo chake pasipo kuambiwa kelele ni kiasi gani.

Nyumba kwa nyumba

Mahali ambapo haja ya kushika mpigo haraka hujitokeza wazi ni katika intaneti ya nyuzi za kioo inayofika majumbani na madukani. Kanuni za mfumo unaotumika sana, ambazo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilianza kuzitoa mwaka wa 2003, huruhusu uzi mmoja kutoka kituo kikuu kugawanywa kwa nyumba nyingi, kwa kawaida 32 au 64. Data ya kuteremka huenda kwa gigabiti 2.488 kwa sekunde, na ya kupanda kwa gigabiti 1.244.

Kuteremka si shida, kwani kituo hutuma mfululizo bila kukoma. Kupanda ndiko kwenye kazi. Kila nyumba hupewa zamu fupi ya kusema, kisha hunyamaza. Nyumba moja iko mita 300 kutoka kituoni, nyingine iko kilomita 15, na biti zao hufika na awamu tofauti na nguvu tofauti. Kituo hupewa biti 44 za utangulizi ili kuizoea kila sauti mpya, yaani takriban nanosekunde 35. Kitanzi chembamba hakiwezi kushika mpigo kwa muda huo. Kinachosaidia ni kwamba vifaa vya majumbani hujipatia kasi ya saa kutokana na data inayoteremka, kwa hivyo kasi hujulikana na kinachotafutwa ni awamu pekee. Baadhi ya vipokezi hutumia kitanzi kipana wakati wa utangulizi na kukifinya data inapoanza. Vingine husoma kila biti mara kadhaa na kuchagua usomaji ulio bora.

Saketi za ukoo huu hazimo katika nyuzi za kioo pekee. Kebo fupi inayounganisha kipakatalishi na diski ya nje kwa kasi ya gigabiti tano hutumia kanuni hizo hizo. Humo, kasi ya saa huyumbishwa kwa makusudi kwa hadi nusu ya asilimia, zaidi ya mara 30,000 kwa sekunde, ili kupunguza usumbufu wa redio. Kipokezi chenye kitanzi chembamba kisingeweza kufuata.

Funzo kutoka Mto Tana

Wakazi wa Mbeere wana mfano mwingine wa awamu karibu na nyumbani. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yalijengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Kindaruma kilianza kutoa umeme mwaka wa 1968 na Kiambere mwaka wa 1988. Gitaru, chenye uwezo wa megawati 225, ndicho kikubwa zaidi.

Kabla ya jenereta yoyote kuunganishwa na gridi ya taifa, mwendo wake sharti ulingane na mapigo 50 kwa sekunde ya gridi, na awamu yake ilingane pia. Ikiunganishwa kabla ya kulingana, hupata kishindo kinachoweza kuvunja mtambo. Na gavana inayorekebisha maji yanayoingia katika tabo nayo ina swali lile lile la haraka na subira. Ikiwa nyepesi mno, huyumbisha mwendo. Ikiwa nzito mno, mzigo ukibadilika hushindwa kuufuata. Kinachotofautiana ni ukubwa na kasi.

Hatari za kujirekebisha

Isidhaniwe kwamba kujirekebisha hakuna gharama. Upana unaobadilika ni kitanzi cha pili kinachozunguka juu ya cha kwanza. Kitanzi hicho cha pili sharti kiwe cha polepole zaidi, la sivyo vitavutana na mfumo mzima utayumba. Wakati data haibadiliki kwa biti nyingi, kigunduzi hakina la kusema, na saketi iliyotungwa vibaya yaweza kuusoma ukimya huo kama ishara ya kubadilisha upana. Aidha, transista za ziada hula umeme na kuongeza bei. Ndiyo maana vifaa vya bei nafuu bado hutumia upana mmoja, au viwili vinavyobadilishwa mara moja baada ya mpigo kushikwa.

Kinachowahusu wakazi

Kwa miaka mingi mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka wa 1970. Mambo yalibadilika mwaka wa 2009. Kebo ya TEAMS, kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, ilizinduliwa Mombasa mwezi wa Juni, na SEACOM ikaanza kazi mwezi wa Julai. EASSy ilifuata mwaka wa 2010. Bara, serikali ililaza mfumo wa kitaifa wa nyuzi za kioo, ambao awamu yake ya pili ililenga kufikisha kebo katika makao makuu ya kaunti zote 47. Vyuo Vikuu vya Chuka na cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, vilipata hati zao mwaka wa 2013, na kile cha Embu mwaka wa 2016. Wanafunzi wake hufanya utafiti wao kupitia nyuzi hizo.

Viungo hivyo vinapokatika, wengi husema tu kwamba mtandao umepotea. Fundi hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kupotea kwa mwanga: kebo imekatwa na tingatinga la barabara, au kiunganishi kimetoka. La pili ni kupotea kwa mpigo: mwanga unafika, lakini saketi haiwezi kushika saa, kwa sababu ya uchafu kwenye kiunganishi, uzi uliopindwa mno, joto kali au umeme unaoyumba. Katika vifaa vingi vya nyumbani, taa nyekundu yenye herufi LOS huonyesha hali ya kwanza. Taa yenye herufi PON ikiendelea kumweka bila kutulia, mara nyingi kifaa kinapokea mwanga lakini hakijafaulu kujisajili kituoni. Kumweleza fundi ni taa ipi inayowaka huweza kumwokolea safari nzima.

Mwenye kifaa aweza pia kujikinga. Asiupinde uzi kwa kona kali, asiguse ncha yake kwa kidole, na asikiweke kifaa juani. Panapo umeme usiotulia, kirekebishaji cha volti ni kinga nzuri. Wala asichungulie ncha ya uzi kamwe, kwani mwanga wake hauonekani kwa macho ilhali unaweza kuyadhuru.

Vipande vya silikoni vyenye saketi hizi huagizwa kutoka nchi za nje. Hata hivyo, ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, mjini Nyeri, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imeweka kiwanda chake katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kutunga saketi ya kurejesha saa hakuhitaji kiwanda kwanza. Kunahitaji hesabu, tarakilishi na subira, na vitu hivyo vinapatikana Nchiru, Chuka na Embu. Kijana wa eneo hili anayesomea uhandisi ana mahali pa kuanzia: swali la ni wakati gani mpokeaji anafaa kuharakisha, na ni wakati gani anafaa kungoja.